Kopo Lililong'aa Mno

Fundi miwani alikuwa na kauli moja aliyoirudia mpaka wateja wakaichoka: kioo chenye doa hakitoki dukani. Hata mteja awe na haraka kiasi gani, hata agonge kaunta kwa ufunguo, miwani ingefutwa tena, ingeinuliwa kwenye taa, ingegeuzwa upande huu na ule, ndipo ikabidhiwe.

"Macho ni yako," angemwambia mtu, "lakini kioo ni jina langu."

Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba, kimebanwa kati ya muuza viatu na fundi wa simu. Mbele palikuwa na kaunta na fremu zilizopangwa kwenye mbao. Nyuma ya pazia palikuwa na benchi, jiwe la kusagia linalozunguka ndani ya maji, bisibisi ndogo kama sindano, na vitambaa laini alivyovifua mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine avifue. Hakuwa mpimaji wa macho. Mpimaji alikuwa dada mmoja aliyefika kwa siku zake, akawaketisha watu mbele ya herufi na kuwauliza, "Hii au ile? Ipi inasomeka?" Kazi ya fundi ilikuwa kukata, kusaga, kupachika na kung'arisha. Alianza ujanani, na sasa mvi zimemjaa, mikono yake ilikuwa imejifunza kufuta bila kungoja amri ya kichwa. Akipewa glasi ya maji ataifuta. Akishika saa ya mtu ataifuta. Mkewe alisema kwamba siku ya kufa kwake atamwomba mtoa roho asubiri kidogo, amalize upande wa pili.

Walikuwa na mjukuu mmoja, mtoto wa binti yao wa pekee. Binti alishona mashati kiwandani, akiondoka nyumbani mitaa ingali kimya, kwa hiyo asubuhi za yule mtoto zilikuwa za bibi na babu, na alasiri baada ya chekechea zilikuwa za dukani. Alikuwa hajafika miaka minne. Walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kuona haja ya kunyamaza.

"Babu, unajua mwalimu amevaa viatu viwili?"

"Ulitaka avae vingapi?"

"Viwili havifanani. Kimoja cheusi, kimoja cheusi kidogo. Mimi nikamwambia, mwalimu, akasema..."

Na hapo kingekuja. Hadithi ingefika mahali pa kuchekesha, Chiriku angeanza kucheka mapema kabla ya kumaliza, na kicheko kingegeuka kikohozi. Si kikohozi kimoja cha kusafisha koo. Kilikuwa mfululizo, kavu, kimoja kikisukuma kingine, mpaka mabega yake madogo yakapanda juu karibu na masikio na macho yakajaa maji. Kikitulia, alibaki akivuta hewa kwa mluzi mwembamba, kama mtu anayepuliza ndani ya kofia ya kalamu. Hadithi ya viatu ilikuwa imeshapotea. Babu hakuwahi kujua mwalimu alisema nini.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, zaidi ya sauti yenyewe: kuona mtoto mwenye maneno mengi hivyo akinyang'anywa maneno.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jina la ule ugonjwa. Mkewe aliuita baridi. Kwa hiyo Chiriku alivalishwa masweta hata jua likiwaka, akatoka jasho, jasho likapoa, na bibi akasema mnaona, baridi. Jirani aliuita mafua yaliyolala. Kwenye zahanati ya karibu uliitwa nimonia, na kila walipokwenda walirudi na chupa ya dawa ya maji ya rangi ya waridi. Chiriku aliipenda ile dawa. Aliinywa akaramba kijiko, kikohozi kikapungua kwa muda chenyewe kama kilivyozoea, watu wakashukuru, kisha kikarudi. Chupa tupu zilikuwa zimejaa chini ya sinki, bibi akiweka ndani yake mafuta ya taa, siki na sabuni ya maji.

"Nimonia gani hii isiyo na homa?" fundi aliuliza siku moja.

"Wewe ni daktari?" mkewe akamjibu. "Saga vioo vyako."

Alivisaga. Lakini aliinamia jiwe huku akijiuliza. Katika kazi yake, mtu akirudi na miwani ileile mara tatu akilalamika haoni, hakuna faida ya kumkatia kioo kilekile mara ya nne. Kuna mahali umekosea mwanzo. Siku ile ile aliamua kwamba hatanunua tena chupa ya rangi ya waridi mpaka apate mtu wa kumwambia kifua cha mjukuu wake kina nini hasa.

Akampeleka kwenye hospitali kubwa, kliniki ya watoto. Binti aliomba ruhusa kazini, mkewe akagoma kwenda, kisha akaenda. Daktari wa watoto alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na kitu cha kwanza alichofanya kilimshangaza fundi. Hakuanza na kifua. Alianza na maswali.

Anakohoa wakati gani? Akicheka. Akikimbia. Kuna wakati mwingine? Alfajiri, mama yake anapomwacha. Jirani akichoma takataka. Shuka zikikung'utwa. Ana homa? Mara chache. Kifua kinalia? Kinalia. Katikati, anakuwa mzima kabisa? Mzima, anaruka kama panzi. Na katika ukoo, kuna mwenye pumu, au ngozi inayowasha, au mafua ya kupiga chafya mfululizo?

Bibi akatazama pembeni. Ni binti aliyejibu. "Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa na ngozi mbaya. Viwiko vyangu vilipasuka. Mama alinifunga vitambaa."

"Ilikuwa upele tu," bibi akasema.

Daktari alisikiliza kifua cha Chiriku, ambaye alitaka kujua kama upande wa pili wa ule mpira wa masikioni mwa daktari kuna mtu anayezungumza. Kisha akawaeleza. Alishuku pumu, ila hakutaka kuliandika neno hilo bado. Kwa mtu mzima kuna mashine ya kupuliza inayopima mapafu. "Mtoto wa umri huu ukimwambia apulize, atapuliza mate," alisema. "Kwa hiyo dawa yenyewe ndiyo itakuwa kipimo chetu. Tutampa dawa ya kuvuta kila siku kwa muda, tuone. Akipata nafuu ya wazi, tutaisimamisha, tuone tena. Kisipobadilika kitu, basi tunatafuta kwingine, na huko kwingine kuna picha, sindano na mirija ambayo singependa kumpitisha bure."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Hii au ile. Aliielewa vizuri kuliko kitu chochote alichoambiwa na mtu mwenye koti jeupe.

Walipewa pampu mbili, moja ya kila siku na moja ya dharura, na kopo. Kopo lilikuwa la plastiki angavu, refu kidogo kuliko kiganja, upande mmoja tundu la kuchomeka pampu, upande wa pili kinyago laini cha kufunika pua na mdomo wa mtoto. Muuguzi wa kliniki, kijana mwenye mabega ya mchukuzi wa mizigo, aliwaonyesha haraka kwa sababu foleni ilikuwa imefika mlangoni: tikisa, funika, bonyeza mara moja, mwache apumue taratibu mpaka imalizike. Baada ya hapo asukutue na umpanguse uso. Kopo lioshwe kwa maji na sabuni. Watu walikuwa wanasukumana nyuma yao. Wakatoka.

Vita halisi vilikuwa nyumbani.

"Pampu," mkewe alisema, akikiweka kile kifuko cha dawa mezani kama mtu anayeweka mzoga. "Mtoto mdogo kama huyu mnamzoesha pampu. Akishaizoea hatoki tena. Ataolewa na pampu mkononi."

"Nani kakwambia?"

"Watu wanasema."

"Watu hao walisema pia ni mafua yaliyolala. Yameamka lini?"

"Cheka tu. Mtoto akiharibika utacheka na nani?"

Binti, aliyekuwa amekaa na viatu vya kazi bado miguuni, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama, mimi nipo kiwandani. Siwezi kukohoa kwa niaba yake. Acheni baba ajaribu."

"Nitajaribu vizuri," fundi akasema, "au sitajaribu kabisa. Kipimo hakifanywi nusu." Akaichukua kazi ile kuwa yake, asubuhi na jioni, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia.

Siku za mwanzo Chiriku alilia chini ya kile kinyago, akageuza uso, akapiga teke. Babu hakumshika kwa nguvu. Alijivika kinyago yeye, akajifanya rubani. Akamvika mwanasesere. Akamwacha Chiriku amvike mwanasesere, kisha amvike babu, kisha ajivike mwenyewe kama anayemsaidia babu. Taratibu ikawa mchezo, na Chiriku akawa anahesabu pumzi zake kwa sauti iliyofungiwa ndani ya kopo: "Moja, mbili, tano, tisa, kumi, mbili."

Kila baada ya dawa, fundi aliliosha kopo, akaketi kando ya dirisha na kulifuta. Alitumia kitambaa kutoka dukani, kile cha kumalizia, laini kuliko vyote. Alilifuta ndani kwa kidole kilichofungwa kitambaa, akalifuta nje, akaliinua kwenye mwanga, akarudi palipobaki ukungu. Lilimetameta. Mgeni mmoja alilikuta mezani akauliza kama ni la kristali. Fundi alifurahi zaidi ya alivyoonyesha. Mjukuu wake havuti dawa kwenye chombo chenye doa.

Wiki zikapita. Chiriku alikohoa akicheka. Alikohoa akikimbia. Alfajiri moja binti alichelewa kiwandani kwa sababu mtoto alikuwa ameketi kitandani akivuta hewa kwa ule mluzi, na pampu ya dharura ikatolewa, ikasaidia kwa shida.

Mkewe hakusema niliwaambia. Alinyamaza tu, akarudisha sweta. Ukimya wake ulikuwa mzito kuliko maneno, na siku ya kurudi kliniki alijitayarisha mapema kama mtu anayekwenda kusikiliza hukumu ya kesi aliyokwisha kushinda.

Daktari alisikiliza, akauliza, akasikiliza tena. Akashusha kalamu. "Sioni mabadiliko," alisema. "Kama dawa imemfikia na hajapata nafuu, basi huenda si pumu. Itabidi tuanze vile vipimo vingine."

Fundi alimvuta Chiriku karibu na goti lake. Alikuwa tayari kuambiwa ni pumu. Alikuwa tayari kuambiwa si pumu. Hakuwa tayari kuiona ile mirija.

"Lakini nimesema kama," daktari aliendelea. "Kabla sijasema dawa imeshindwa, nenda chumba cha pili, umwonyeshe muuguzi unavyompa. Kila kitu, kama upo nyumbani. Usimfiche hata unachokionea aibu."

Chumba cha pili kilikuwa na sinki, kiti cha mtoto na bango la mapafu lililokunjamana kwa mvuke. Yule kijana mwenye mabega alikunja mikono. "Haya mzee wangu, nifanye mimi sipo."

Fundi alifanya. Akatikisa, akafunika, akabonyeza. Chiriku akahesabu moja, mbili, tano. Kinyago kilikaa barabara usoni, hakuna mwanya. Muuguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu akaonekana kutoridhika na kuridhika kwake. "Mkono wako mzuri kuliko wa wanafunzi wangu," alisema. "Sasa mbona..." Akalichukua kopo, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hili kopo ni jipya? Mmebadilishiwa?"

"Lile lile."

"La wengine likikaa muda huu linakuwa na ukungu kama jicho la samaki wa jana. Hili linang'aa. Unalifanyaje?"

Fundi alimwambia. Alimwambia kwa kirefu na kwa fahari, kama mtu aliyeulizwa habari za kazi yake na mtu anayejua kusikiliza: maji, sabuni, kusuuza, kisha kitambaa. Akakitoa mfukoni, maana hakuachana nacho kamwe.

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

Muuguzi alikitazama kile kitambaa. Alichukua karatasi moja kwenye ndoo ya taka, akaichana vipande vidogo vidogo, akavimwaga mezani. "Hebu lifute hapa, kama unavyolifuta."

Fundi akafuta. Muuguzi akalishusha kopo juu ya vile vipande, bila kuvigusa. Karatasi ziliinuka zenyewe, zikarukia plastiki, zikaganda ubavuni.

Chiriku alicheka, akakohoa.

Hakukuwa na haja ya kueleza, lakini muuguzi alieleza kwa upole. Ukiisugua plastiki kavu kwa kitambaa, inashika umeme mdogo. Dawa inatoka kwenye pampu kama ukungu mwepesi kuliko hizi karatasi. Ikiingia humu, nyingi inarukia kuta na kunata. "Mtoto anavuta, lakini sehemu kubwa ya dawa yake amelishwa kopo. Ni kosa letu pia, mzee. Tulikwambia uoshe, hatukukwambia usifute. Wengi hawafuti, kwa hiyo tunasahau."

Fundi alikuwa amekaa. Alikuwa anatazama zile karatasi. Maisha yake yote alijua kwamba ukifuta kioo cha miwani cha plastiki kikiwa kikavu kitavuta vumbi lote la chumba. Alimkanya kila aliyejifunza kazi kwake, aliwakanya wateja, alikipulizia kioo pumzi kwanza kipate unyevu. Alijua. Ila alijua dukani, kwenye benchi. Nyumbani alikuwa babu, na babu alitaka kitu kisafi. Kinyozi hajinyoi, watu husema, na wakisema hucheka. Yeye hakuweza kucheka. Alifikiria alfajiri zile, mabega yale yaliyopanda, na kila asubuhi na jioni yeye kando ya dirisha akiing'arisha dawa ya mtoto mpaka imwishie mikononi.

"Babu," Chiriku akasema, "unalia?"

"Vumbi."

"Halipo."

"Basi nafuta macho. Si kazi yangu kufuta?"

Alisimama. "Niambie liwe vipi," alimwambia muuguzi, "na uniambie polepole. Nataka kipimo kingine. Hiki nilikiharibu mimi."

Maelezo yalikuwa mafupi. Mara moja kwa wiki, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Usisuuze ndani; utando wa sabuni unaobaki huzuia ule umeme. Litikise, lisimamishe, likauke lenyewe. Usiliguse kwa kitambaa. Daktari akakubali kuanza upya kabla ya vipimo vingine. Na akawarudia dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja: mbavu zikivutwa ndani, mtoto akishindwa kusema au kunywa, midomo ikibadilika rangi, au pampu ya dharura ikikosa kumtuliza.

Ni rahisi kusema usifute. Kopo lilisimama kwenye rafu ya vyombo likiwa na michirizi ya sabuni iliyokauka na matone yaliyoacha duara nyeupe, na kila fundi alipopita mkono wake ulikwenda mfukoni. Alikiacha kitambaa dukani. Akajikuta ameshika ncha ya shati. Siku moja alimkuta mkewe amelishika kopo na upande wa kanga.

"Weka chini."

"Limekaa kama chombo cha mtu asiye na mwenyewe. Wageni wakija?"

"Wageni waje. Weka chini, mama."

"Wewe ndiye wa kusema hivyo? Wewe uliyeifuta mpaka saa ya padri, akadhani unamwibia?"

"Mimi. Weka."

Akaliweka, akimtazama kwa macho mapya kidogo. Katika ndoa yao ndefu hakuwahi kumwona akivumilia doa.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Kwanza binti alisema amelala mpaka saa ya kuamka, akajishtukia. Kisha mwalimu wa chekechea aliuliza kama Chiriku bado azuiwe kukimbia, maana amewapita wenzake na haonekani kuchoka. Kisha alasiri moja, dukani, Chiriku alipanda kwenye kiti cha wateja na kusimulia kisa cha paka aliyeingia darasani. Paka aliingia, paka alipanda meza, paka alikalia uji wa mtu, na mwenye uji akalia, na paka akalia. Alicheka katikati, akacheka mwishoni, akaanza tena mwanzo kwa sababu alisahau rangi ya paka. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja miwani alitazama saa.

"Mjukuu wako hanyamazi?"

"Hanyamazi," fundi alisema, na ilibidi ageukie pazia.

Nyumbani mkewe alilalamika kwamba wametibu kifua na kuharibu masikio ya wakubwa. Sweta ilikuwa kabatini. Hakuna aliyeitaja.

Halafu ikafika sehemu ya pili ya kipimo. Daktari alisema sasa waisimamishe dawa ya kila siku, waone.

"Si nimesema amepona?" bibi alisema njiani. "Imekwisha hiyo. Tushukuru."

Fundi alimshika Chiriku mkono, wakavuka barabara. Alitamani mkewe awe sahihi, akatamani kwa nguvu zake zote. Wapo watoto ambao kifua huwatulia kikasahau, daktari alikuwa amesema. Ndiyo maana wanasimamisha. Lakini alijua pia kwamba kutamani si kupima. Alikuwa amewaona wateja waliosema "naona, naona" kwa sababu walichoka kukaa kwenye kile kiti, na wakarudi wamejigonga.

Siku za kwanza zilikuwa shwari. Fundi alisaga na sikio moja likiwa mbele ya pazia. Kisha Chiriku alivaa fremu kubwa ya wanaume mbele ya kioo, akajiona, akacheka. Kilikuja. Kikohozi kimoja, kikakivuta kingine, mabega yakapanda. Fundi alizima jiwe. Alikaa akisikiliza maji yakidondoka kwenye beseni, na kwa muda mfupi alijihisi mzee sana.

Kesho yake kifua kililia. Keshokutwa walitumia pampu ya dharura, ikamfungua vizuri, wakamwahisha kliniki. Kwenye benchi la kungojea mkewe hakuweza kujizuia tena.

"Ameizoea," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ya ushindi. "Nilisema. Mmeitoa, kifua kimefunga. Sasa hataishi bila hiyo. Nilisema tangu siku ya kwanza."

Fundi aligeuka akamtazama. Mkewe alikuwa amevaa miwani aliyomtengenezea mwenyewe, ile ya kushonea.

"Vua miwani."

"Nini?"

"Vua. Soma lile tangazo la ukutani."

Alivua, akakunja uso. "Sioni. Unajua sioni."

"Kabla sijakupa miwani ulikuwa unaona?"

"Sikuona. Nilikuwa najichoma sindano."

"Basi ukiivua ukashindwa kusoma, ni miwani iliyokuharibu macho? Au imekuonyesha tu kwamba macho yalikuwa yanahitaji?"

Aliigeuza miwani mkononi. Karibu nao mama mmoja alikuwa akimbembeleza mtoto. "Miwani yako nayo," akasema hatimaye, "ilinizidishia."

"Ilikuzidishia kuona vumbi la nyumba yako."

Alimpiga kibao cha bega, kidogo. Kisha akaivaa tena, na hakutazama pembeni.

Safari hii daktari aliandika lile neno. Alilisema pia kwa sauti, ili kila mmoja alisikie. Pumu. Dawa ya kila siku itarudi, kwa kipimo kidogo kinachotosha, na watakuwa wakimwangalia na kukipunguza kila inapowezekana. Takataka za jirani zizungumzwe na jirani. Shuka zikung'utwe mtoto akiwa mbali. Mwalimu wa chekechea aletwe siku moja afundishwe pampu ya dharura. Na mtoto akimbie.

"Mpaka lini?" bibi aliuliza.

"Sijui, mama. Wengine wanakua nayo, wengine inawaacha. Tutaendelea kuuliza kifua chake."

Jibu hilo halikumfurahisha mtu, ila lilikuwa jibu, na fundi alilibeba nyumbani kama mtu aliyebeba mzigo wenye mpini.

Asubuhi iliyofuata alikuwa ameshika kopo mkononi mkewe alipoingia jikoni na kusimama mbele yake. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, kama siku za kazi kubwa.

"Wewe utakwenda dukani," alisema. "Binti yuko kiwandani. Ukiugua wewe je? Nipe. Naanza wapi?"

Alimpa. Alifungua mdomo kumweleza, lakini Chiriku alikuwa tayari kwenye kiti, miguu ikining'inia, na hakutaka msaidizi.

"Kwanza unatikisa, Bibi. Siyo hivyo, hiyo unatikisa mkono wako. Tikisa pampu. Sasa unaniweka hapa. Usinibonyeze pua."

"Nani anakubonyeza? Tulia."

"Ukiongea na mimi sitaweza kuhesabu."

Fundi alichukua mfuko wake. Mlangoni alisimama kidogo, mgongo ukiwa kwao, akasikia pampu ikibonyezwa mara moja, kisha sauti ndogo ndani ya kopo ikianza, moja, mbili, na mkewe akisema baada ya mbili ni tatu, mama, tatu, na sauti ndogo ikibisha. Aliufunga mlango taratibu, akaenda kazini.